Mbegu ya Msonobari na Udongo wa Kwao

Kitalu chetu kipo nje kidogo ya mji wa Wete, kisiwani Pemba, kwenye mteremko wa udongo mwekundu unaoshukia bonde la mpunga, na kwa muda wote ambao baba yangu alikuwa na nguvu za kuinama kilikuwa kitalu cha mikarafuu. Mimi nilikulia humo. Nilijua kuliokota tunda la mkarafuu lililoiva na kuanguka lenyewe, kulilowesha usiku mmoja, kulimenya kwa vidole na kuiatika mbegu yake bila kuchelewa, kwa sababu mbegu ya mkarafuu ikikauka imekufa. Nilijua kivuli kizito cha makuti, udongo ulioshibishwa samadi, na maji asubuhi na jioni. Nayataja haya mwanzoni kwa sababu karibu kila kosa nililolifanya katika misonobari lilitokana na kuujua mkarafuu na kudhani kwamba nimejua miti yote.

Mbegu za kwanza aliniletea binamu yangu, mtoto wa mjomba, ambaye alikwenda kutafuta maisha Mafinga, karibu na shamba kubwa la miti la Sao Hill katika wilaya ya Mufindi. Mjomba ni seremala. Siku zote alikuwa akilalamika kwamba mbao za paini, yaani za msonobari, anazotengenezea makabati na dari zinavuka bahari kutoka bara, na kila zikivuka bei inapanda, ilhali juu ya kilima chetu kuna kipande cha ardhi ambacho mikarafuu yake ilikufa na hakuna aliyekigusa tena. Binamu alipokuja kusalimia wakati wa Idi, alinikabidhi kopo la maziwa ya unga lililofungwa kwa kitambaa. Ndani yake kulikuwa na mbegu ndogo, nyeusi nyeusi, fupi kuliko punje ya mchele, nyingi zikiwa bado na ubawa wake mwembamba kama bawa la kumbikumbi. Nilizipepeta kwenye ungo kama ninavyopepeta mchele. Mabawa yakaruka na mbegu zikabaki. Kilo moja ya mbegu za aina ile huwa na zaidi ya laki moja, kwa hiyo hata zile chache zilizokuwa chini ya kopo zilinitosha kuota ndoto ya msitu mzima.

Majirani waliuliza kwa nini nahangaika na mbegu za kutoka mbali, na mivinje ipo tele pwani. Swali hilo lina haki yake, kwa kuwa mvinje kwa mbali unafanana sana na msonobari: una majani kama nyuzi, una vitunda vigumu vya magamba, na upepo ukipita hutoa ule uvumi wa bahari. Lakini hiyo si jamaa moja. Ukichukua uzi mmoja wa mvinje na kuuvuta taratibu, unakatika pingili kwa pingili, kwa sababu kile tunachokiita jani ni kijitawi, na majani yenyewe ni vijimeno vidogo kabisa vilivyozunguka kila pingili. Sindano ya msonobari haina pingili; huota pamoja na wenzake, katika aina nilizozipanda mimi mara nyingi tatu tatu, zikiwa zimeshikwa na ala moja chini. Tena mvinje ni mti wa maua, ingawa maua yake ni madogo mno kuonekana na mpita njia, ilhali msonobari hauna ua. Mbegu zake hulala wazi juu ya magamba ya koni, kile kishada kigumu kinachobeba mbegu, mbili kwa kila gamba, bila nyama ya tunda kuzifunika.

Mbegu hizo za kwanza niliziatika kama mikarafuu. Nilichimba tuta, nikachanganya samadi ya ng'ombe, nikazifukia kwa kina cha kifundo cha kidole, nikaezeka makuti mpaka jua lisipenye, nikamwagilia mara mbili kwa siku. Zilichelewa, kisha zikatoka chache, na zile zilizotoka zilianza kuanguka kabla sijamaliza kufurahi. Mche ulikuwa unasimama jioni, na asubuhi ninaukuta umelala, shina lake limenyongeka pale linapokutana na udongo, limekuwa jembamba na la maji kama uzi uliochemshwa. Kwa wakulima wa mboga hicho ni kinyausi, na sikuwa na haja ya kufundishwa jina lake. Nilichokuwa sikijui ni kwamba nilikuwa nimekialika mwenyewe kwa kila kitu nilichokifanya kwa upendo: kivuli, samadi, maji mengi, na kina cha udongo kilichoichosha mbegu kabla haijaliona jua.

Miche thelathini na kitu ilinusurika. Niliihamishia kwenye viriba, vile vifuko vya plastiki vya kukuzia miche, nikaitunza kwa miezi minane, na katika miezi hiyo yote haikuzidi urefu wa kidole. Sindano zake zilikuwa na rangi ya manjano, kisha ncha zikageuka zambarau. Niliongeza samadi. Hali ikawa mbaya zaidi. Baba, ambaye wakati huo alikuwa akikaa kwenye kiti chake chini ya mfenesi na kuniangalia bila kuniingilia, aliniambia maneno ambayo niliyasikia vibaya: "Mwanangu, mti huo hauna njaa. Mti huo ni mgeni." Nilidhani ananitaka niuache.

Nilivuka kwenda Unguja kwa shughuli nyingine, na huko nikaelekezwa kwa mzee mmoja aliyestaafu kazi za misitu, ambaye ujana wake wote aliumalizia kwenye vitalu vya serikali. Nilikwenda na mche mmoja ndani ya kiriba chake, nimeupakata kwenye daladala kama mtoto mgonjwa. Nilimwamkia, akaitikia, akauchukua ule mche, na badala ya kutazama majani alipasua kiriba na kuutikisa udongo mpaka mizizi ikabaki mitupu.

"Udongo huu umeutoa wapi?"

"Kwetu Pemba, Mzee. Udongo mzuri, mikarafuu inaota."

"Na udongo wa kwao uko wapi?"

Sikumwelewa, naye akaliona hilo. Akanipeleka nyuma ya nyumba yake, ambako palikuwa na misonobari mitatu mikubwa aliyoipanda mwenyewe, akapangua kwa mkono tandiko la sindano kavu na kufukua kidogo. Alitoa kipande cha mzizi na kukiweka kwenye kiganja changu. Ncha zake hazikuwa nyuzi kama nilivyotarajia. Zilikuwa fupi, nono, zimegawanyika mbilimbili na tena mbilimbili, kama vitawi vya matumbawe unavyoviona maji yakitoka, na juu yake palikuwa na utando mweupe. Nilipoisogeza puani ilinuka uyoga. Kisha akakiweka kando yake kile kimche changu, chenye mizizi ya kahawia, myembamba, isiyo na utando wowote.

Aliyonieleza siku ile ndiyo ambayo ningependa kila anayefikiria kuatika misonobari ayasikie kabla ya kununua hata punje moja. Msonobari haujilishi peke yake. Katika mizizi yake huishi kuvu ambayo huizunguka ile mizizi midogo na kutandaza nyuzi zake mbali udongoni, ikausaidia mti kupata maji na madini, hasa fosforasi, nao mti huilipa kuvu kwa sukari inayotengenezwa kwenye majani. Rangi ya zambarau niliyoiona ilikuwa njaa ya fosforasi, na samadi yangu isingeweza kuiponya kwa sababu aliyetakiwa kuchukua chakula na kukifikisha hakuwepo. Mahali ambapo misonobari imeota siku zote, kuvu hiyo ipo udongoni na hakuna anayeihesabu. Mahali ambapo haijawahi kuota, haipo, na mikarafuu, mivinje na miembe haiwezi kuitunza kwa ajili ya mgeni. Mvinje nao una mwenzake mizizini, lakini huyo ni bakteria wa kunasa naitrojeni hewani, hana faida kwa msonobari.

Baadaye nilisoma kwamba katika kisiwa cha Puerto Rico walihangaika na jambo hili hili kwa miaka mingi. Mbegu ziliota, miche ikadumaa na kufa, jaribio baada ya jaribio, mpaka katika miaka ya 1950 ulipoletwa udongo kutoka misitu ya misonobari ya North Carolina, Marekani, na miche iliyopata udongo ule ikaanza kukua kana kwamba imefunguliwa kamba. Kusoma habari hiyo kulinifariji kuliko nilivyotegemea, kwa kuwa na wao ni watu wa kisiwani, na wenzao waliokuwa wataalamu walipita njia niliyopita mimi.

Mzee alinieleza kosa la pili, na hili halikuwa na dawa. Mbegu alizoniletea binamu zilikuwa za Pinus patula, mti wa milima ya Meksiko, ambao unastawi Mufindi kwa sababu Mufindi iko juu, kuna baridi na ukungu. Kuuleta Wete, mahali ambapo ukisimama kilimani unaiona bahari, ni kuuonea. Kwa pwani yetu aliniambia nitafute Pinus caribaea, msonobari wa Amerika ya Kati na visiwa vya Karibi, na hasa ule wa Honduras na nchi jirani zake, ambao kwao huota kuanzia usawa wa bahari. Kwa hiyo ile miche thelathini na kitu niliyoilea kwa miezi minane niliiacha. Sikuing'oa, niliacha tu kuihesabu.

Mbegu za caribaea nilizipata kupitia wauzaji wa mbegu za miti wa Morogoro. Udongo niliomba kwa yule mzee, debe moja tu, uliochotwa chini ya sindano kavu, kwenye tabaka la juu ambamo mizizi midogo imejaa. Sikuuvusha kimya kimya. Udongo unaobeba kuvu njema unaweza kubeba pia ugonjwa wa kuua mikarafuu na mihogo ya watu, kwa hiyo niliupeleka kwanza kwa watu wa karantini ya mimea wakaukagua na kuniandikia kibali, na ndipo nikapanda nao boti. Watu wengi huona jambo hili ni usumbufu. Mimi naliona ni deni kwa majirani zangu wote wenye shamba.

Lakini hata baada ya kupata mbegu sahihi na udongo sahihi, niliharibu tena. Nilikuwa nimeambiwa niatike kwenye mchanga, usio na mbolea, unaopitisha maji upesi, ili kinyausi kisipate pa kukaa. Nikatuma watoto wakaniletea mchanga wa pwani, mweupe, mzuri, nikauosha kwa maji ya mvua kuondoa chumvi. Chumvi iliondoka. Chokaa haikuondoka, kwa sababu mchanga wa fukwe zetu kwa sehemu kubwa ni matumbawe na makombe yaliyosagika, na msonobari ni mti wa udongo wenye tindikali. Mbegu ziliota vizuri sana, na kabla ya wiki sita miche ikapauka yote, sindano changa zikawa manjano mpaka nyeupe. Nilipoteza karibu nusu. Tangu hapo natumia mchanga wa bondeni, ule unaoachwa na maji ya mvua pembezoni mwa kijito, mwekundu na wenye kokoto ndogo, nikiuchekecha na kuumwagia maji yanayochemka kabla ya kuutandaza.

Sasa nieleze jinsi ninavyofanya, kwa kuwa mkono wangu umezoea. Mbegu kavu za msonobari, tofauti kabisa na za karafuu, huvumilia kungoja; zikikaushwa vizuri na kufungwa kwenye chupa isiyoingiza unyevu, kwenye friji huweza kukaa miaka. Joto na unyevu wa Pemba ukizifikia, zinakufa kimya, na huwezi kujua kwa kuzitazama. Ndiyo maana kabla ya kuatika nachukua mbegu ishirini na kuzipasua kwa wembe, moja moja, juu ya sahani nyeupe. Mbegu nzima ina kiini cheupe cha mafuta kilichojaa ganda lote, mfano wa kiini cha korosho kilichofanywa kidogo. Mbegu mfu ina kiini kilichosinyaa cha rangi ya kahawia, au haina kitu kabisa, ganda tu lenye hewa. Zilizobaki nazilowesha usiku mmoja. Zinazoelea hadi asubuhi nazitoa, ingawa siiamini moja kwa moja ndoo ya maji kama ninavyouamini wembe.

Naziatika juu juu, nikizifunika mchanga usiozidi unene wa mbegu yenyewe. Maji napitisha kwa kopo lenye matundu madogo, mara moja asubuhi, ili uso wa mchanga uwe umekauka kabla ya usiku. Kivuli naweka cha makuti machache yaliyoachana, kisha baada ya siku kumi na mbili au kumi na tano, zinapoanza kutoka, nayapunguza zaidi.

Kutoka kwake ni jambo ambalo bado linaniamsha kabla ya jua. Kwanza huonekana kitanzi cha shina jekundu, kimeinama kama mtu anayenyanyua mzigo, halafu kinanyooka na kuja juu na ganda la mbegu kichwani kama kofia. Ndani ya ile kofia zimo sindano sita, saba au nane za kwanza, zimebanwa ncha pamoja, na kila siku zinajitanua mpaka kofia inadondoka. Siku hizo chache ndizo za hatari, kwa sababu jurawa wanaidhania ni punje ya kula, wanaidonoa na kukata kichwa cha mche chote. Nafunika tuta kwa kipande cha wavu wa dagaa uliochakaa. Sisimizi nao huzibeba mbegu kabla hazijaota, na kwao nimeona jivu kidogo pembezoni, nje ya tuta, linasaidia. Ndani ya tuta silitii, kwa kuwa jivu linapunguza tindikali ile ile ninayoihitaji.

Kofia zikishadondoka, kabla mzizi haujatoa matawi, nahamishia kwenye viriba. Naushika mche kwa sindano zake, kamwe si kwa shina, maana sindano moja ikivunjika zipo nyingine lakini shina ni moja. Shimo natoboa kwa kijiti, mzizi naushusha ukiwa umenyooka kabisa. Mzizi uliojikunja chini kama ndoana hauonekani kwa macho na hautauzuia mti kukua. Utakuja kuuona baada ya miaka mitano au sita, upepo wa kusi utakapoulaza mti uliokwisha kuwa mrefu kuliko nyumba. Ilinitokea katika miti minne, na nilipoifukua yote ilikuwa na fundo lile lile chini.

Udongo wa viriba ni ule mwekundu wa kilimani kwetu, na katika kila ndoo tisa nachanganya moja ya udongo wa misonobari. Mwaka ule wa kwanza wa mafanikio niliacha mstari mmoja wa miche ishirini bila kuutia udongo huo, si kwa kupenda, bali kwa sababu nilitaka baba aone. Kwa miezi miwili mistari ilifanana. Mwezi wa tatu ule wa pembeni ulisimama. Mwezi wa tano wenzake walinifika juu ya kifundo cha mguu, kijani kilichoiva, na huo umekuwa zambarau. Baba alinyanyuka kwenye kiti, akaja na bakora yake, akaitazama mistari ile miwili kwa muda mrefu, akasema, "Nilikwambia ni mgeni." Ndipo nilipoelewa kwamba hakuwa akinikataza. Alikuwa akiniambia nimtafutie mwenyeji wake.

Kuhusu kupanda shambani sina mengi. Napanda mwanzo wa masika, miche ikiwa na urefu wa shubiri moja na nusu hivi, hatua tatu kwa tatu, na napalilia kwa bidii miaka miwili ya kwanza kwa sababu msonobari mchanga hauvumilii kufunikwa na magugu. Kiriba lazima kitolewe chote. Sindano kavu zikishajaa chini nafyeka njia ya kuzuia moto pembezoni, kwa kuwa moto ukiingia humo hauna wa kuuzima. Wala sitamshauri mtu afyeke hata kichaka cha miti yetu ya asili kwa ajili ya misonobari. Msitu wa asili wa Ngezi, huku kwetu Pemba, na vipande vidogo vya aina yake vilivyobaki, vina vitu ambavyo hakuna kitalu kinachoweza kuvirudisha. Nilipanda pale palipokuwa tupu, basi.

Miti michache ilinishangaza kwa kupaa juu bila kutoa tawi hata moja, shina refu lililovaa sindano kuanzia chini hadi kileleni kama brashi ya kusafishia chupa. Nilifikiri ni ugonjwa. Kumbe ni tabia inayojulikana ya caribaea katika nchi za joto zenye mvua nyingi, ambako hakuna kiangazi cha kuupumzisha mti. Unakua tu mfululizo na kusahau kutoa matawi. Miti hiyo mbao yake haiaminiki na huvunjika upesi, na nimeikata mapema kuwa boriti za banda la mbuzi.

Kinachobaki kunishughulisha ni mbegu. Nina misonobari 38 iliyosimama, na baadhi yake sasa inazaa koni. Nilipoziona za kwanza nilidhani nimeagana na Morogoro. Nilizichuma zilipogeuka kahawia, kabla hazijafunguka, nikazianika juani juu ya jamvi, na siku ya tatu nikazisikia zikipasuka kidogo kidogo mchana. Nilizikung'uta, mbegu zikatoka na mabawa yake, nzuri kwa sura. Nilipasua ishirini kwa wembe. Zote zilikuwa hewa. Hilo nalo lina sababu: karibu na ikweta mti huu huzaa mbegu kwa tabu, maana koni za kike na vumbi la kiume havikutani kwa wakati, na mvua huliangusha vumbi kabla halijafika. Koni hukua na mbegu hukua ganda lake, ndani hamna mtu.

Hata hivyo sijaacha kupasua. Kaskazi iliyopita nilichuma koni za miti mitano iliyo kileleni, panapopata upepo zaidi, nikazilowesha mbegu zake mia moja, na asubuhi yake mbegu sita zilikuwa zimezama. Sikuzikata. Niliziatika kwenye kisahani cha udongo kilicho dirishani, nikazifunika wavu, na siku ya kumi na sita vitanzi viwili vyekundu vilikuwa vimeinama juu ya mchanga. Nilimwita baba. Alikuja, akainama kwa shida, akauliza kama udongo wa kwao umetiwa. Nikamwambia umetiwa, na safari hii umetoka juu ya kilima chetu.